Maneno ya mahakamani unayodhani unayajua

Mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji akifikishwa mbele ya hakimu, iwe ni Busia, Arua au Kasese, husomewa shtaka lake mwanzo hadi mwisho, kisha huambiwa kwamba haruhusiwi kujibu chochote. Anatajiwa tarehe nyingine na kurudishwa rumande. Nje, ndugu zake wanashika vichwa: hakimu amekataa hata kumsikiliza! Basi tena, keshahukumiwa!

Kumbe hakuna kilichoamuliwa. Kwa sheria za Uganda, makosa yanayoweza kumfikisha mtu kwenye adhabu ya kifo, kama vile mauaji, ubakaji, uhaini na ujambazi wa kutumia silaha, husikilizwa na Mahakama Kuu peke yake. Lakini Katiba ya 1995, katika ibara ya 23, inataka aliyekamatwa kwa kushukiwa kosa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na mahakama iliyo karibu ni ya hakimu. Kwa hiyo hakimu anampokea, anamsomea ili ajue anashikiliwa kwa lipi, na anamzuia kujibu kwa kuwa jibu hilo lingetolewa mbele ya mtu asiye na mamlaka ya kulipokea. Upelelezi ukikamilika, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, yule ambaye wengi wanamwita DPP tu, huandaa muhtasari wa ushahidi, na hakimu huipeleka kesi Mahakama Kuu. Huko ndiko mshtakiwa atakakoulizwa kama ni kweli au si kweli. Huko pia, asipokuwa na wakili, atapewa mmoja kwa gharama ya serikali, kwani ibara ya 28 inampa haki hiyo kila anayekabiliwa na kifo au kifungo cha maisha.

Watu husema lugha ya mahakama ni ngumu kwa sababu ya Kilatini cha mawakili. Mimi naona Kilatini hakina neno. Mtu akisikia asichokijua huuliza, au angalau hujua kwamba hajui. Yanayotuumiza ni maneno ya kila siku: kujibu, dhamana, kufutwa, shahidi, kuuza, mrithi. Tunayatumia sokoni na nyumbani, tunaingia nayo mahakamani bila wasiwasi, na kule yanakuwa na maana nyembamba kuliko tuliyoizoea. Hapo ndipo mtu anapopoteza shamba akiwa anatabasamu.

"Ni kweli, lakini…"

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Hata hivyo lugha inayoandikwa kwenye jalada la mahakama ni Kiingereza. Mshtakiwa asiyekielewa ana haki ya mkalimani bila kulipa hata shilingi. Katiba inasema hivyo waziwazi. Mara nyingi mkalimani huyo ni karani wa mahakama, ana majalada mengine kwapani, na anafanya haraka. Mkoani lugha atakayoanza nayo ni ile ya eneo hilo, na Mkongo aliyetoka Bunia au dereva wa lori kutoka Mombasa anaweza kujikuta anatafsiriwa kwa Kiganda au Kilugbara asichokijua vizuri. Anapaswa kusema pale pale: nataka Kiswahili. Hakuna atakayemwadhibu kwa kuomba, na akinyamaza, jalada litaonyesha kwamba alielewa.

Kinachofuata ni swali fupi kuliko yote na lenye madhara kuliko yote: ni kweli au si kweli?

Chukua mfano wa kijana wa boda aliyeshtakiwa kwa wizi wa simu. Anasomewa kwamba tarehe fulani, mahali fulani, aliiba simu ya fulani. Naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, anajibu: "Ni kweli niliichukua, mheshimiwa, lakini yule ananidai… yaani mimi ndiye ninayemdai, hajanilipa nauli ya mwezi mzima." Kwa masikio ya nyumbani, huyu ameeleza ukweli wote. Mahakamani ametamka mambo mawili yanayogombana. La kwanza linasikika kama kukiri. La pili ni utetezi, kwa sababu wizi si kuchukua tu. Ni kuchukua kwa nia ya udanganyifu na bila haki unayoiamini kwa moyo safi. Anayeamini kweli kwamba ana haki na kitu anaweza kuwa amekosea, lakini si lazima awe mwizi.

Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ililiweka sawa jambo hili mwaka 1973 katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, na mahakama za Uganda huifuata mpaka leo. Shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, pamoja na kila kinacholifanya kosa liwe kosa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kadiri inavyowezekana. Akikiri, mwendesha mashtaka aeleze jinsi tukio lilivyotokea, kisha mshtakiwa aulizwe tena kama anakubaliana na maelezo hayo au ana la kuongeza. Akiongeza jambo linaloonyesha kwamba huenda hana kosa, hakimu afute kule kukiri na kuandika kwamba amekana. Yaani ile "lakini" ina uzito mkubwa kisheria. Tatizo ni kwamba "lakini" huja mwishoni, na mkalimani mwenye haraka huwa ameshatafsiri "ni kweli" na kugeukia jalada lingine.

Ushauri wa watu wa mahakamani ni mkavu na ni mzuri: kama kuna "lakini" yoyote kichwani mwako, jibu lako ni "si kweli". Kukana hapa si kusema uongo. Ni kumwambia mwendesha mashtaka alete mashahidi wake athibitishe. "Lakini" yako utaieleza zamu yako ikifika.

Bondi, dhamana, na yule anayesimama kwa niaba yako

Bondi hutolewa na polisi. Dhamana hutolewa na mahakama. Wengi huviita vyote dhamana, na huko ndiko fedha zinakopotelea.

Mtu aliye nje kwa bondi hajashtakiwa bado. Ni mshukiwa ambaye polisi wamemruhusu aende nyumbani huku wakiendelea kupeleleza, na ametia saini kwamba atarudi kituoni siku aliyoambiwa. Bondi ya polisi ni bure. Yapo mabango vituoni yanayosema hivyo, na pengine bango limebandikwa ukutani nyuma ya afande yule yule anayeuliza mmekuja na nini. Fedha zinazotolewa hapo hazina risiti kwa sababu hakuna sheria inayozidai.

Dhamana ya mahakama inaweza kuwa na fedha ndani yake. Hakimu anaweza kumwamuru mshtakiwa aweke, kwa mfano, shilingi laki tano taslimu. Hiyo si faini wala si ada ya kutoka. Hulipwa benki kwa utaratibu wa serikali, risiti hutolewa, na mshtakiwa akihudhuria mpaka mwisho hurudishiwa fedha zake, hata akipatikana na hatia. Nimeona watu wengi waliotupa risiti hizo wakidhani wamelipa na yamekwisha. Itunze risiti kama unavyotunza kitambulisho cha taifa.

Halafu kuna mdhamini. Kijijini ukimdhamini mtu unamaanisha unamfahamu, ni mtoto wa fulani, hana tabia mbaya. Unafika mahakamani na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kitambulisho chako, unaulizwa unamjuaje, unatia saini, unarudi kuuza mihogo yako. Uliposaini, hakimu alitaja kiasi: "milioni tano, zisizo taslimu." Neno "zisizo taslimu" huwapumzisha watu kana kwamba limesema "zisizo za kweli". Maana yake ni kwamba hulipi leo. Mshtakiwa akitoroka, wewe utaitwa ueleze kwa nini usilipe hizo milioni tano, na usipokuwa na maelezo wala fedha, unaweza kufungwa kwa ahadi yako mwenyewe. Na ukianza kuona dalili kwamba jamaa anafungasha, nenda mahakamani uombe kujitoa kabla hajaondoka. Akishaondoka umechelewa.

Je, dhamana ni haki? Katiba inasema mshtakiwa ana haki ya kuiomba, na mahakama inaweza kuitoa. Ni hiari ya mahakama, ila kuna mahali hiari hiyo inapoisha. Kwa kosa ambalo hata mahakama ya hakimu inaweza kulisikiliza, mtu akikaa rumande siku 60 kabla kesi haijaanza kusikilizwa, lazima aachiliwe kwa masharti ya kiasi. Kwa makosa ya Mahakama Kuu peke yake ni siku 180. Kabla ya marekebisho ya 2005 zilikuwa 120 na 360, na bado wapo wazee wanaozitaja zile za zamani. Kuna tundu hapa ambalo familia nyingi hazilijui: zile 180 huhesabiwa hadi kesi inapopelekwa Mahakama Kuu. Ikishapelekwa, hata siku ya 179, saa hiyo imesimama, na mtu anaweza kusubiri kikao cha Mahakama Kuu kwa muda mrefu sana. Anaweza bado kuomba dhamana huko, lakini sasa anaomba, hadai.

Na aliyetoka kwa dhamana hajashinda kesi. Hili linahitaji kusemwa mtaani zaidi ya mahakamani, maana mshukiwa wa wizi akionekana stendi siku tatu baada ya kukamatwa, watu husema polisi wamehongwa na wanaanza kutafuta matairi ya kumchomea. Huenda wamehongwa kweli, sijui. Lakini huenda pia sheria imefanya kazi yake: huyo bado hajathibitishwa kuwa na hatia, na tarehe ya kesi yake ipo.

Kesi "imefutwa"

Mshtakiwa anatoka akicheka, anawapigia simu nyumbani: kesi imefutwa. Swali la kumuuliza kabla hamjachinja kuku ni: imefutwa vipi?

Mahakama ikisikiliza ushahidi na kuona hautoshi, humwachia huru. Huko ndiko kushinda. Katiba inakataza mtu aliyeachiwa huru kwa njia hiyo kushtakiwa tena kwa kosa lile lile, isipokuwa mahakama ya juu ikiamuru hivyo kupitia rufaa. Lakini mara nyingi kinachotokea ni kingine. Mashahidi hawaji, mlalamikaji amehamia Juba, mwendesha mashtaka anaomba kuiondoa kesi kabla mshtakiwa hajajitetea, au DPP anaandika barua ya kuisimamisha. Mshtakiwa anaachiliwa aende, ila hakuna aliyeamua kama ana kosa au hana. Anaweza kukamatwa tena, hata pale pale getini, kwa hati mpya ya mashtaka yenye maneno yale yale. Si hila, ni sheria. Ndiyo maana wakili mzuri huwa hafurahi sana siku hiyo, na mteja wake hamwelewi.

Upande wa adhabu nitapita haraka. Kutiwa hatiani na kupewa adhabu ni hatua mbili, na kati yake mshtakiwa huruhusiwa kusema lolote la kupunguza makali: ni kosa la kwanza, ana watoto, amekaa rumande muda mrefu. Muda wa rumande lazima uzingatiwe. Ni sharti la Katiba. "Miaka mitano na miaka mitatu, kwa pamoja" ni mitano. "Kwa kufuatana" ni minane. Kifungo cha maisha watu wengi, wakiwemo wafungwa wenyewe, waliamini ni miaka 20, mpaka Mahakama ya Juu iliposema mwaka 2011 kwamba maisha ni maisha yote ya mtu. Na hukumu ya kifo si ya lazima tena tangu 2009, katika kesi maarufu ya Susan Kigula na wenzake. Jaji ana uhuru wa kutoa adhabu nyingine, na aliyehukumiwa kifo akapita miaka mitatu bila kunyongwa baada ya rufaa zake kwisha, adhabu yake hugeuka kifungo cha maisha. Asiyeridhika na uamuzi wa mahakama ya hakimu katika kesi ya jinai ana siku 14 za kuonyesha nia ya kukata rufaa. Siku 14 hupita upesi, hasa kwa familia ambayo wiki nzima ya kwanza inalia.

Deni si jinai, mpaka mtu aligeuze

Afande hawezi kukukamata kwa sababu tu unadaiwa. Deni ni shauri la madai: kuna mdai na mdaiwa, hakuna mshtakiwa, na mwisho wake ni amri ya kulipa. Lakini wanaodai wanajua kwamba seli inalipisha haraka kuliko barua, kwa hiyo deni hupelekwa kituoni likiwa limevalishwa nguo nyingine: kujipatia mali kwa udanganyifu. Tofauti ya viwili hivi iko kwenye siku ya kwanza. Ukichukua mzigo wa mchele kwa mkopo ukikusudia kulipa, kisha biashara ikafa, una deni. Ukichukua mzigo huo kwa kusema uongo kuhusu jambo lililokuwepo, mathalani kwamba una duka ambalo huna, hilo linaweza kuwa kosa la jinai. Kushindwa kulipa baadaye hakuwezi peke yake kubadilisha nia ya siku ya kwanza.

Ukishtakiwa kwa deni utaletewa samansi, yaani wito wa mahakama. Watu huiogopa, wanaikataa, wanamwambia karani aliyeileta kwamba mwenye jina hilo amesafiri. Ni kosa kubwa. Samansi ya kawaida inakupa siku 15 za kuwasilisha utetezi wako kwa maandishi. Iko nyingine ya mashauri ya haraka, ambayo mdai anasema deni liko wazi kabisa, na hiyo inakupa siku 10 tu za kuomba ruhusa ya kujitetea. Zikipita, mahakama inaweza kumpa mdai ushindi bila kukusikia, na mtu utakayemwona baada ya hapo ni dalali wa mahakama akiwa na lori. Dalali naye lazima awe na hati iliyotoka mahakamani. Mwombe akuonyeshe, isome tarehe na muhuri, na hesabu anachochukua.

Ukishindwa kulipa baada ya hukumu, unaweza kweli kufungwa, na hapo watu huchanganyikiwa: si nimesema deni si jinai? Kifungo hiki ni cha madai. Anayekigharimia chakula ni mdai mwenyewe, kina kikomo chake, na ukitoka deni bado lipo.

Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, yaani kodi ya nyumba, fedha ya bidhaa, mkopo wa rafiki, kuna utaratibu wa madai madogo ulioanzishwa kwa kanuni za 2011. Hakuna mawakili ndani yake. Unajieleza mwenyewe mbele ya hakimu, na shauri huisha upesi. Nashangaa ni wachache kiasi gani wanautumia, huku wakilipa zaidi ya nusu ya deni wakitafuta afande wa kuwasaidia.

Karatasi ya ardhi

Tuiangalie karatasi moja kwa karibu. Imeandikwa kwa mkono kwenye ukurasa uliochanwa kwenye daftari. Juu kumeandikwa "Mkataba wa mauzo". Inasema mama fulani ameuza kiwanja chake kwa bwana fulani kwa shilingi milioni nne, amepokea zote, na atakabidhi baada ya miezi mitatu. Kuna saini ya mama, saini ya shahidi mmoja kila upande, na muhuri wa LC1 uliofunika nusu ya jina.

Mama huyo hajauza chochote, kwa anavyojua yeye. Amekopa milioni nne kwa mkopeshaji wa mtaani, na mkopeshaji alimwambia kwamba karatasi ni ya utaratibu tu, kwa usalama. "Baada ya miezi mitatu" ni muda wa kulipa mkopo. Lakini neno "mkopo" halimo, wala riba, wala haki yake ya kurudishiwa kiwanja akilipa. Mahakama inaweza kuangalia ukweli uliofichwa nyuma ya karatasi, ila yeye ndiye atakayebeba mzigo wa kuuthibitisha, dhidi ya saini yake mwenyewe. Wakopeshaji wanatakiwa kuwa na leseni chini ya sheria ya 2016, na mwenye leseni anayekopesha kwa haki hana sababu ya kuogopa neno "mkopo" liandikwe. Akilikataa neno hilo, umeshapata jibu lako.

Na wale waliosaini pembeni? Shahidi kwenye mkataba hathibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye ardhi. Anathibitisha kwamba aliwaona wakisaini. Muhuri wa mwenyekiti vile vile: unaonyesha kwamba LC1 alijua, hautoi umiliki. Na kama ni ardhi ambayo familia inaishi au inaitegemea kwa chakula, Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka ridhaa ya mume au mke wa muuzaji. Bila ridhaa hiyo mauzo ni batili, hata kama fedha zimeshahesabiwa.

Anayenunua Buganda ana la ziada la kuuliza. Katiba inatambua njia nne za kumiliki ardhi: ya kimila, ya umiliki kamili wa kudumu, ya kukodi kwa miaka maalumu, na mailo, iliyotokana na Mkataba wa Buganda wa 1900 ambao ardhi yake iligawanywa kwa maili za mraba. Juu ya mailo wanakaa watu wawili kwa wakati mmoja: mwenye hati, na mwenye kibanja. Mtu anaposema "nauza shamba Luweero", mara nyingi anauza kibanja, yaani haki yake ya kukaa na kulima juu ya ardhi ya mwingine. Ni haki ya kweli. Mwenye kibanja anayetambuliwa na sheria hawezi kufukuzwa ila kwa amri ya mahakama, na kwa sababu moja tu, kutolipa busuulu, ile kodi ndogo ya mwaka. Lakini anapouza anapaswa kumpa kwanza mwenye ardhi nafasi ya kununua, na akikwepa hilo anaweza kuipoteza haki yake, na mnunuzi naye akabaki na karatasi ya daftari. Kwa hiyo, kabla ya bei, muulize muuzaji: busuulu unamlipa nani, na risiti ziko wapi?

Mrithi, msimamizi, mjane

Siku ya matanga ukoo humtangaza mrithi. Anavishwa gome la mti au kanzu, anapewa mkuki, watu wanapiga makofi. Kuanzia hapo wengine, na mara nyingi yeye mwenyewe, huamini kwamba nyumba, ng'ombe na akaunti ya benki vimekuwa vyake.

Sheria ya urithi, baada ya marekebisho ya 2022, inampa mrithi wa kimila asilimia 1. Marehemu asiyeacha wosia, mali yake hugawanywa hivi: watoto na vizazi vyake asilimia 75, mjane au mgane asilimia 20, ndugu waliokuwa wakimtegemea asilimia 4, na huyo mwenye mkuki 1. Nyumba ambayo familia ilikuwa ikiishi haiingii kwenye hesabu hiyo. Mjane na watoto wana haki ya kuendelea kukaa humo.

Anayeruhusiwa kukusanya mali, kulipa madeni ya marehemu na kugawa ni msimamizi wa mirathi, na huyo hateuliwi na ukoo bali na mahakama, kwa barua za usimamizi. Naye si mmiliki. Anashika kwa niaba ya wengine, na akiuza shamba kwa faida yake anaweza kushtakiwa. Waislamu wengi, Wanubi wa Bombo na wengineo, hupeleka mgawanyo kwa kadhi, na Katiba katika ibara ya 129 inazitaja mahakama za kadhi kwa ndoa, talaka na mirathi. Hata hivyo, ofisi ya ardhi itakapotakiwa kubadilisha jina kwenye hati, itaomba barua za usimamizi kutoka mahakamani.

Mjane hupewa kipaumbele kuomba barua hizo. Mtu mwingine, kaka wa marehemu kwa mfano, hawezi kupewa mpaka aonyeshe kwamba Msimamizi Mkuu wa Serikali hana pingamizi au alipewa taarifa ya siku 14. Kwa maandishi ya sheria, mjane hahitaji kupitia hatua hiyo, sawa na aliyetajwa kwenye wosia kuwa msimamizi. Lakini lazima awe mjane kisheria, na hapa neno jingine la nyumbani linamsaliti mtu. Ndoa zinazotambuliwa Uganda ni ya kiserikali, ya kanisani, ya Kiislamu, ya Kihindu na ya kimila. Kuishi pamoja miaka 20 na kuzaa watoto sita si ndoa. Watoto watarithi, kwa kuwa sheria haiangalii kama wazazi walioana. Mama yao ataulizwa cheti, au mashahidi wa siku mahari ilipopelekwa kwao.